Mkwaju wa Bahi na Mchaichai wa Kizota

Kizota, Dodoma
11 Februari 2024

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo hapo Bahi, wewe na kuku na mbuzi wako, na kwamba ule mguu uliokuwa unavimba umepungua. Sisi huku tunaendelea. Gerson ana miezi mitatu na ameanza kujua kucheka. Peni anakaribia miaka mitatu na ameanza kujua kunijibu. Lameck bado yuko Mpanda, wanachomelea mapaa ya maghala, anasema watamaliza mwezi wa nane.

Barua yako Mama Joha aliniletea Jumatano alipokuja kuuza mchele wake wa huko Bahi. Aliitoa ndani ya blauzi akaniambia, "Mama mkwe wako kasema nisimpe mtu mwingine hata akiwa askari." Nimeisoma mara mbili. Unataka Peni aje akae kwako, kwa kuwa ni mtoto wa kwanza, tena ni wajina wako, na kwenu mtoto wa kwanza hulelewa na bibi yake chini ya mkwaju. Umeandika: "Mtoto hukua chini ya mti, hakui pembeni ya majani ya chai."

Nilicheka hapo, Mama, kisha nikaacha kucheka. Hayo majani ya chai ndiyo yanayotulisha. Kila alfajiri nakata mchaichai wangu pale ukutani, nachemsha sufuria mbili, na mafundi wote wa gereji za hapa wanakunywa na vitumbua vyangu. Fundi Athuman anasema chai yangu bila mchaichai ni maji ya betri.

Kuhusu Peni, naomba unipe muda nifikiri. Sitaki kukujibu haraka nikakosa adabu. Ningekupigia, lakini tangu homa ya uti wa mgongo ikuchukulie masikio najua simu kwako ni mzigo tu wa mfukoni. Kwa hiyo tuandikiane.

Mkweo,
Mama Peni


Bahi
25 Februari 2024

Mkwe wangu Mama Peni,

Mbukwa. Shikamoo yako nimeiitikia marahaba peke yangu uani, kuku wakanishangaa. Mguu umepungua. Mbuzi mmoja amezaa mapacha.

Muda wa kufikiri nimekupa, na wiki mbili zimeisha. Sasa nisikilize mimi nisiyesikia.

Mkwaju huu ulikuwepo tangu babu yake Lameck akiwa mchungaji wa ndama. Nimelea watoto saba chini yake. Jua la Bahi unalijua, linapasua udongo. Lakini pale chini, saa saba mchana, unamlaza mtoto juu ya ngozi na hashtuki mpaka saa kumi. Mtoto akikataa uji, tunautilia ukwaju, anaumaliza. Sasa niambie, mchaichai wako unampa mtoto kivuli gani? Kuku akijibanza chini yake mkia unabaki nje. Na unaishi kwa maji ya kuoshea vyombo. Siku usipoosha vyombo nao umekufa.

Umechoka, mwanangu. Lameck kaniandikia: mmoja mgongoni, mwingine kashika sketi, na mafuta yanachemka mbele yako. Kuleta mmoja kwa bibi yake si kumtupa. Ni kupata mahali pa kuvutia pumzi.

Na usisahau kitovu chake. Ulipojifungua uliniambia umekihifadhi kwenye kitambaa hadi mtakapokuja. Kitovu cha mtoto wa kwanza wa ukoo huu huzikwa kwenye mizizi ya mkwaju, upande wa mashariki. Cha Lameck kipo hapo, cha baba yake kipo hapo. Mje nacho.

Mama yenu,
Penina


Kizota
17 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Pole na joto, na hongera kwa mapacha wa mbuzi. Huku Gerson ana mafua kidogo, wengine wazima.

Nimefikiri. Nimefikiri nikikanda unga, nikifua nepi, nikingoja zamu ya maji bombani. Jibu langu ni kwamba Peni atakaa na mimi.

Usione nimekudharau. Mkwaju naujua. Nilipoolewa nilikalishwa chini yake siku nne, nimefunikwa kanga, na ule ubaridi wake hadi leo nikipita juani naukumbuka. Sisemi ni mti mbaya. Ila bibi harusi hatazami watu usoni, kwa hiyo siku nne nilitazama chini. Nikaona kitu. Chini ya mkwaju hakuoti kitu, Mama. Hata unyasi. Ni udongo mtupu na maganda ya ukwaju. Mti umechukua mwanga wote huko juu na umekunywa maji yote huko chini.

Mchaichai wangu nao haufiki magotini, kwa sababu naukata kila siku. Na kila siku unarudi. Jirani akiomba, nang'oa shina moja na mizizi yake nampa, wangu haupungui. Sasa hivi karibu kila uwanja wa mtaa huu una mchaichai uliotoka kwangu. Kivuli sina, ni kweli. Nakubali hilo la kuku.

Nikueleze jambo ambalo hata Lameck halijui vizuri. Nilipokuwa na miaka mitano mama yangu alinipeleka kwa shangazi Ihumwa, kwa muda. Nilikaa miaka tisa. Shangazi hakunitesa. Alinilisha, akanisomesha mpaka la saba. Lakini siku niliporudi nyumbani nilimwamkia mama yangu kama mgeni, naye akainuka akanivutia kiti. Alikifuta kwanza kwa kanga yake. Tulikaa tukaulizana habari za safari.

Sitaki siku moja nimvutie Peni kiti.

Habari ya kitovu tutaongea tukionana.

Mkweo anayekupenda,
Mama Peni


Wodi ya watoto, Dodoma
8 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kukaa kimya, na nisamehe mwandiko, naandikia juu ya goti. Mama Joha amekuja kututazama, ananingoja nimalize.

Gerson amelazwa tangu Ijumaa. Ni nimonia. Wamemwekea oksijeni, ila leo asubuhi amenyonya, na nesi amesema akinyonya ni dalili njema.

Lameck alipewa ruhusa ya siku tatu. Alimkuta Peni kwa jirani, hajachanwa nywele, akaja wodini akaniambia, "Nampeleka kwa mama, wewe shughulika na huyu." Sikukataa. Ningekataaje? Mkono mmoja nilikuwa nimemshika Gerson, wa pili nimeshika mrija asiuchomoe.

Kwa hiyo unaye. Nakushukuru, na nashukuru kwa moyo wangu wote, si kwa mdomo. Lakini tuelewane, Mama: umempokea, sijakupa. Gerson akiruhusiwa nitakuja kumchukua.

Anaogopa jogoo. Uji wa moto hanywi, hata umbembeleze. Akitaka kulala hushika sikio la mtu, mwache ashike lako. Usimwambie nimesafiri. Mwambie niko hospitali na Gerson, ataelewa.

Mkweo,
Lydia


Bahi
14 Mei 2024

Mkwe wangu,

Mbukwa, na pole sana kwa kuuguza. Jumapili kanisani tumemwombea mjukuu wangu kwa jina. Mungu hachoki, nawe usichoke.

Peni ni mzima. Siku ya kwanza alikaa mlangoni na kiatu kimoja mkononi, anangoja baba yake arudi. Siku ya pili akawafuata wale mapacha wa mbuzi. Sasa ana kigoda chake chini ya mkwaju, anakula wali wa mpunga mpya na maziwa, na shavu limeanza kujaa. Jogoo uliyesema anamwogopa tumemla.

Watu wakipita barabarani wananiuliza kwa mkono, huyu ni nani? Nawaambia, huyu ni mimi. Anaitwa Penina, anatembea kama mimi, na ni mkaidi. Sikio langu la kushoto limekuwa jekundu kwa kuvutwa. Kwa miaka kumi na mbili halikuwa na kazi, sasa limepata.

Mtoto akishazoea, Mama Peni, kumhamisha tena ni kumsumbua. Mwache mpaka tumalize kuvuna, halafu tutaona. Mimi sikumwita Lameck. Alimleta mwenyewe. Mti umempokea.

Kitambaa cha kitovu hakuja nacho. Lameck anasema hajawahi kukiona.

Mama yenu,
Penina


Kizota
19 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Gerson ametoka hospitali Alhamisi. Amekonda, ila anapumua bila kelele. Asante kwa maombi.

Asante kwa kumnenepesha Peni. Nimesoma hiyo barua nikacheka habari ya jogoo, nikalia habari ya kiatu.

Lakini "halafu tutaona" nayajua maneno hayo. Ndiyo shangazi aliyomwambia mama yangu.

Nakuja Jumamosi, tarehe 25, na Gerson mgongoni. Siji kugombana. Nitakula chakula chako, nitakufulia, nitakusaidia kuanika mpunga, nitalala kwako. Jumapili baada ya ibada nitaondoka na mwanangu. Lameck nimemwambia kwa simu. Akasema, "Nyinyi wawili siwawezi."

Mkweo,
Mama Peni


Bahi
22 Mei 2024

Mama Peni,

Peni ni mzima. Naliandika hilo kabla ya salamu.

Mbukwa. Barua yako imefika. Sasa soma hii taratibu.

Jana mchana nilikuwa chini ya mkwaju napepeta mpunga, nimeelekea barabarani. Peni alikuwa nyuma yangu na wale wana-mbuzi. Zizi langu unalijua, ni la miiba. Mmoja aliingia ndani akashindwa kutoka, na Peni akaingia kwa chini kumvuta. Gauni likanaswa, kisha nywele, kisha mkono. Akaniita.

Mke wa Bartolomayo, jirani yangu, alikuwa anatoka mashambani. Alimsikia tangu jaruba la pili la mpunga. Mimi nilikuwa hatua kumi. Nilimwona mwanamke anakuja kwangu mbio, nikainuka na kunyoosha mkono nimsalimu. Akanipita.

Amechubuka mikono yote miwili na shavu. Jicho halikuguswa. Mganga wa zahanati amemsafisha na kumpaka dawa. Nilipomuuliza mke wa Bartolomayo mtoto aliita kwa muda gani, aligeuka aondoke. Nikamshika. Akanionyesha jua lilipokuwa, kisha akanionyesha lilipofika. Akashika koo lake, akatikisa kichwa. Sauti ilikuwa imeshaisha.

Ningeweza kunyamaza. Yule mwanamke ni rafiki yangu, naye angenyamaza. Michubuko ya miiba, ni mtoto gani wa Bahi hana? Lakini nilijaribu kulala na hilo nikashindwa.

Kivuli kilikuwepo, mkwe wangu. Jana kilikuwa kizuri sana.

Njoo, usingoje Jumamosi.

Mama yako


Kizota
9 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Habari za tangu ile Alhamisi nilipokuja kumchukua Peni? Tulifika salama, Gerson alilala njia nzima. Michubuko ya Peni imekauka, imebaki alama moja shavuni kama kope iliyodondoka. Amewasimulia mafundi wote kuwa bibi yake ana mbuzi mwizi. Athuman anamuuliza kila asubuhi, "Yule mbuzi kashafungwa?" Anamjibu, "Bado."

Wakati tunaondoka ulibaki ndani ukasema unatafuta chungu. Nilikungoja mpaka bodaboda akaanza kupiga honi. Nikajua chungu hakitapatikana.

Sikulaumu, Mama. Nilitaka kukuambia pale pale lakini kwako siwezi kunong'ona, na sikutaka kupiga kelele mbele ya watu. Mwezi wa pili, siku chache kabla ya kukuandikia, Peni alimwagikiwa chai mguuni nikiwa nampa mteja chenji. Nina masikio mawili, nayo yanasikia. Nilikuwa nimemgeuzia mgongo tu. Nikakuandikia kuwa sote tunaendelea. Wewe la kwako hukulificha.

Basi na mimi nikuandikie lililobaki.

Kitovu sikukihifadhi. Kilidondoka siku ya tano. Lameck alikuwa kazini, mimi sijaweza hata kusimama sawasawa, na mpangaji mwenzangu akaniambia hapa pana paka anayechukua vitu, akichukua kitovu mtoto atakuwa mzururaji. Niliogopa. Nikatoka na kijiko cha chakula, nikachimba pale ukutani, nikakizika. Kisha nikaomba shina la mchaichai kwa yule yule mpangaji nikalipanda juu, nisije nikasahau mahali. Sikuupanda kwa ajili ya chai. Ilikuwa alama. Ulipostawi ndipo nikaanza kuukata.

Uliponiuliza habari ya kitovu niliona aibu, nikasema kiko kwenye kitambaa. Uongo ukishaanza unadai chakula kila siku. Miaka mitatu nimeulisha.

Kwa uongo naomba unisamehe. Kwa kukizika hapa siombi msamaha, Mama. Hapa ndipo alipozaliwa, na mikono iliyokuwepo ilikuwa yangu peke yangu.

Ukikasirika nitaelewa. Lakini usikae kimya muda mrefu. Peni ananiuliza Bibi atakuja lini.

Mkweo,
Lydia


Bahi
30 Juni 2024

Mkwe wangu Lydia,

Mbukwa. Mguu hauna shida, mpunga umeingia ndani, magunia kumi na moja. Nimefurahi Gerson anapumua bila kelele.

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Wiki ya kwanza nilikasirika. Kitovu cha ukoo wetu kwenye ukuta wa nyumba ya kupanga, na mafundi wanakunywa chai yake. Niliandika barua ndefu ya kukusema, nikampa Mama Joha. Hakuisoma, aliutazama uso wangu tu, akanirudishia. Nikamlazimisha. Akaiweka juu ya mpunga akaondoka bila hiyo barua. Huyo mwanamke ana kiburi, usinunue mchele kwake kwa siku mbili tatu.

Wiki ya pili nilichukua ufagio nikaenda chini ya mkwaju, kama kila siku. Nikasimama. Ulichoandika mwezi wa tatu ni kweli. Hakuna hata unyasi. Miaka arobaini nimefagia pale nikijisifu kuwa uwanja wangu ni safi, kumbe hapakuwa na kitu cha kufagia. Kitovu cha Lameck kipo hapo upande wa mashariki, na Lameck yuko Mpanda. Wale sita wengine nao niliwalaza chini ya kivuli hicho hicho, na mimi ndiye ninayebaki kukikalia. Mti haukuwafukuza, na wala haukuwashika.

Usidhani sasa nausema mkwaju vibaya. Leo mchana nimelala hapo. Ni mti wangu.

Wiki ya tatu nimekata shauri. Kitovu kikishazikwa hakifukuliwi, iwe Bahi au Kizota. Lakini bibi hawezi kufa hajapaona kilipo. Nakuja Jumatano, tarehe 10 Julai, na huyo huyo Mama Joha, juu ya magunia yake. Siji kuhamia, mti wa umri wangu ukiung'oa unakufa. Nitakaa siku nne. Mbuzi ataniangalizia mke wa Bartolomayo. Kitanda chako sikitaki, nitalala chini na wajina wangu. Na hiyo chai nitainywa, nione kama inafaa.

Nakuomba kitu kimoja, na kifanye kabla sijafika. Mfundishe Peni. Akimtaka Bibi, asiite. Aje anivute kanga. Mwambie avute kwa nguvu, hata nikiwa naongea na watu wazima, hata nikiwa naomba Mungu. Nitageuka.

Mama yako,
Penina